Mkalimani Aliyetakiwa Kutoa Rai

Mwanamkasi binti Ishaka alikuwa na kazi ambayo watu wa Mtongwe waliionea fahari kuliko alivyoiona yeye. Alikuwa mkalimani wa mahakama. Mshtakiwa akisema Kidigo au Kiduruma, hakimu aliyapata maneno yake kwa Kiingereza kupitia kinywa cha Mwanamkasi, na hakimu naye akinena, maneno yalishuka hadi kizimbani kwa lugha ambayo mshtakiwa aliisikia tangu kwa mamake. Kazi hiyo aliianza mwanawe Anwar akiwa bado ananyonya, na sasa Anwar ana ndevu na anafanya kazi yake huko Lamu.

Siku ya kwanza alifundishwa kanuni moja tu: usiongeze, usipunguze, usieleze. Shahidi akitukana, wewe tukana. Akilia, wewe usilie. Akisema upuuzi, ufikishe upuuzi huo ulivyo. Mwanamkasi aliishika kanuni hiyo hata nje ya mahakama. Shangazi akigombana na mjomba, ni yeye aliyetumwa huku na huku, kwa sababu kila mtu alijua maneno yake hayatachanganywa na ya mtu mwingine. Mjumbe hauawi, wahenga walisema, na yeye aliishi salama chini ya kivuli cha msemo huo miaka yote.

Kilichomtoa hapo ni kesi ya mtu mmoja wa mtaa wa Shika Adabu aitwaye Randu. Randu alikuwa mlinzi kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa, akashtakiwa kuiba mabati aliyowekwa kuyalinda. Wakili hakuwa naye. Mwenye lori mmoja akapanda kutoa ushahidi, akasema alimwona Randu kwa macho yake akipakia mabati gizani. Alipomaliza, hakimu akamuuliza Randu kama alikuwa na swali kwa shahidi. Mwanamkasi akatafsiri.

"Huyu ni muongo," Randu akasema kwa Kiduruma. "Na babake alikuwa muongo."

Mwanamkasi akatafsiri hilo pia. Hakimu akasema, bila ukali, kwamba hilo si swali. Kama alikuwa na swali, aulize.

"Swali gani tena?" Randu akasema. "Nishasema ni muongo. Basi, sina."

Mwanamkasi alikuwa na swali. Lilimsimama kooni kama mwiba wa samaki. Kama kulikuwa na giza, ulimtambuaje? Taa za lori zilielekea wapi? Ulikuwa umbali gani? Maswali yalikuwa matatu, ya kawaida, ambayo wakili yeyote angeyauliza hata bila kufikiri. Kinywa chake kilikuwapo pale pale mbele ya hakimu, kimezoea kusikilizwa, lakini hakikuwa na ruhusa ya kusema lake. Akanyamaza. Randu akafungwa, na mwaka huo huo Mwanamkasi akajiandikisha kusoma sheria.

Alisoma jioni, baada ya kazi, akivuka kwa kivuko kwenda mjini kisiwani na kurudi akiwa hoi. Mumewe, Abubakar, aliyekuwa fundi wa pampu kwenye bohari moja ya mafuta kule Changamwe, alijifunza kupika wali wake mwenyewe na hakulalamika, ila kwa mzaha. Shahada ikapatikana. Majirani wakaja na pongezi, wakamwita wakili, naye akawa anawajibu, "Bado, bado," wao wakidhani ni unyenyekevu.

Haukuwa unyenyekevu. Shahada peke yake haimfanyi mtu wakili. Ilimlazimu apite chuo kinachowafundisha mawakili kazi, na chuo hicho, kwa wale ambao matokeo yao ya kidato cha nne yalikuwa hafifu, kilikuwa kimeweka mtihani wa kuingilia. Mwanamkasi alifanya kidato cha nne mwaka ambao mamake alikuwa mahututi. Aliandika mitihani mingine akiwa amekesha, mingine hakuikumbuka kabisa. Alama zile, alizodhani zimeshazikwa pamoja na marehemu, zikafufuka.

Basi mtihani ufanywe. Lakini ni mtihani gani? Hapo ndipo hofu ilipoanza, kwa sababu hakuna aliyejua ulivyo. Mmoja alisema ni maswali ya kuchagua herufi. Mwingine akasema ni insha tupu, kurasa hadi mkono ufe ganzi. Wa tatu akaapa wallahi kwamba binamuye aliitwa mbele ya jopo akaulizwa kwa mdomo. Mwanamkasi aliyekuwa na mazoea ya kupima maneno ya mashahidi alijua kwamba hapo hapakuwa na shahidi aliyeona, wote walikuwa wamesikia. Lakini kujua hivyo hakukumpa usingizi.

Shahidi aliyeona alikuwa mmoja, kijana wa bara aitwaye Nicanor, karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nicanor aliufanya mtihani huo mara moja na kuanguka. Alikuwa akikutana na wenzake wachache kila Jumamosi kwenye chumba kimoja juu ya duka la mikate huko Changamwe, kusoma pamoja, na Mwanamkasi akajiunga nao. Malori yalipopita chini, madirisha yalitetemeka na chai ikacheza ndani ya vikombe.

"Hiyo kitu ni kukremu tu, mama," Nicanor alimwambia siku ya kwanza. "Mi nilifeli juu sikukremu ya kutosha. Vifungu, majina ya kesi, miaka. Ukishika hizo, umeshapita."

Mwanamkasi akashika kukremu, kukariri neno kwa neno. Alikuna nazi huku akitaja vifungu. Alianika nguo akitaja majina ya kesi, jina moja kwa kila kibanio. Abubakar akawa anasikia Kiingereza bafuni. Mwili ukampungua, na siku moja mahakamani, katikati ya ushahidi wa mama mmoja aliyeibiwa mbuzi, akagundua kwamba sentensi nzima ilikuwa imempita. Masikio yake yalikuwa yakirudia kifungu fulani. Ikambidi amwombe yule mama arudie. Hakimu aliinua macho akamtazama, kwa sababu jambo hilo halikuwa limewahi kutokea.

Mwaka huo, wiki chache kabla ya mtihani, chuo kikatoa mwongozo kwenye tovuti yake, pamoja na mfano wa karatasi. Nadira ndiye aliyeuleta. Nadira alikuwa binti wa Mikindani aliyesimamia duka la mjombake la vifaa vya ujenzi, mwenye akili kali na ulimi usiozunguka, aliyepata alama nzuri za kila kitu shuleni isipokuwa Kiingereza, na hicho ndicho kilichomleta kwenye mtihani huu. Siku hiyo alisimama mbele yao akausoma mwongozo kwenye simu.

Karatasi ina sehemu mbili, akasoma. Ya kwanza, mtahiniwa anapewa makala marefu, anaulizwa yanasema nini na yanakusudia nini. Ya pili, anapewa visa. Mtu fulani amefanyiwa jambo fulani, amekuja ofisini kwako. Mshauri.

"Na sheria zenyewe?" Mwanamkasi akauliza.

Nadira akatelezesha kidole. "Vifungu vya sheria vitakavyohitajika vimeambatishwa mwisho wa karatasi."

Nicanor akaweka kikombe chini. Lori likapita.

"Wamepeana vifungu?" Nicanor akasema. "Ziko hapo hapo kwa paper? Sasa mi nilikuwa nakremu nini mwaka mzima?"

"Lakini mwaka ule ulikuwa ndani ya ukumbi wa mtihani," Nadira akamwambia. "Hukuviona?"

"Si nilianza kuandika tu. Nani hufika page ya mwisho kabla aanze?"

Wengine walicheka. Mwanamkasi hakucheka. Alihisi kama mtu aliyebeba maji kutoka mbali, akafika na kukuta mfereji uani. Vyote alivyovishindilia kichwani vilikuwa vimechapishwa nyuma ya karatasi, bure, kwa kila mtu. Walichotaka kutoka kwake kilikuwa kitu kingine, na kitu hicho hakukijua.

Nadira akapendekeza wafanye mfano palepale na wasahihishane. Kisa kilimhusu mama mpishi aliyekubaliana na familia moja kupika chakula cha harusi. Amenunua mchele, amechinja, masufuria yako motoni, ndipo bwana harusi akaghairi. Mama mpishi amekuja kwako. Mshauri.

Mwanamkasi akaandika kwa raha. Hicho alikiweza. Alieleza mama mpishi anasema nini, familia inasema nini, kila upande una kifungu gani cha kuushika mkono. Maneno yalitoka yamenyooka, hakuna hata moja lililoegemea upande. Alipomaliza alimpa Nadira karatasi akiwa na matumaini kidogo.

Nadira alisoma hadi mwisho. Akageuza karatasi nyuma kuona kama kuna zaidi. Akairudisha.

"Da Mwanamkasi, umeandika vizuri kuliko sote. Nisamehe lakini nikwambie?"

"Niambie."

"Mama mpishi anaondoka ofisini kwako hajui afanye nini. Ashtaki au asishtaki? Atalipwa au hatalipwa? Hujasema."

"Nimeeleza kila upande unavyosimama."

"Ndiyo. Na wewe umesimama wapi?"

Mwanamkasi akatazama maandishi yake. Alitafuta sentensi moja iliyokuwa yake. Hakuiona. Kila sentensi ilikuwa ya mtu mwingine, imefikishwa salama.

Njia nzima ya kurudi Mtongwe aliwaza jambo hilo, na lilimtisha kuliko vifungu. Kifungu usichokijua unaweza kukisoma. Lakini mtu aliyezoea maisha yake yote kutosema lake, atalisomea wapi?

Nyumbani alimkuta wifi yake Jalila amesimama kwenye pembe ya ua akimngojea. Jalila, dada yake Abubakar, aliishi katika ua huo huo ambao marehemu baba yao aliwaachia. Kwa muda sasa ndugu hao wawili walikuwa hawasemezani. Jalila alitaka kujenga chumba cha kupangisha kwenye kipande kilichokuwa pembeni mwa nyumba yake. Abubakar alikataa katakata, akisema hiyo ni njia, na siku ya msiba jeneza litapita wapi? Kila mmoja alimtuma Mwanamkasi kwa mwenzake, naye alikwenda na kurudi kama alivyozoea.

"Wifi, shikamoo."

"Marahaba, Jalila."

"Mwambie ndugu yangu fundi yuwaja Jumatatu. Mwambie kama ana neno, aende kwa kadhi. Mimi nimechoka."

Kwa desturi Mwanamkasi angesema, "Nitamwambia." Siku hiyo alisimama, mkoba ukimning'inia begani, akajisikia akisema, "Jalila, mimi naona kipande ni chako. Kadhi alipowagawia alisema wazi. Lakini naona pia umemkosea kakako. Hukumuuliza. Alikuja kukuta matofali yamemwagwa."

Jalila akamtazama kama mtu aliyeona kiti kikisema.

"Nani kakwambia hayo? Yeye?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Haya," Jalila akasema, akageuka. "Haya, wifi. Nimesikia." Akaingia kwake na kufunga mlango.

Mwanamkasi akaingia ndani, na kabla ujasiri wake haujapoa akamwambia Abubakar vilevile. Mumewe alikuwa anakula. Alimwambia kwamba fundi atakuja Jumatatu, kwamba kipande ni cha Jalila kwa mgao wa kadhi, kwamba njia ya jeneza ipo upande wa pili na ni pana vya kutosha, maana marehemu baba mwenyewe alipitishwa huko. "Wewe kinachokuuma si njia, Baba Anwar. Ni kwamba hakukuuliza."

Abubakar aliweka tonge sahanini.

"Hayo ni maneno ya Jalila?"

"La. Ni yangu."

Abubakar akainuka. Aliosha mikono, akavaa kofia, akaenda zake msikitini, na magharibi ilikuwa bado. Mwanamkasi akabaki na sahani iliyoachwa nusu. Alikuwa ameolewa na mtu mpole, na upole huo ulipoondoka nyumbani hata vyombo vilisikika vikigongana zaidi. Kwa siku kadhaa wakawa wanasema ya lazima tu: chumvi iko wapi, gesi imekwisha. Jumatatu ikapita, fundi hakuonekana, na Jalila naye akipita uani alimwamkia huku macho yakiwa pengine. Alijiuliza kama kanuni ile ya zamani haikuwa na hekima yake. Alipokuwa mjumbe hakuna aliyemnunia. Sasa ametoa rai mara moja tu, na pande zote mbili zimemkasirikia, na mtihani uko mlangoni.

Jumamosi iliyofuata walifanya mfano mwingine, kisa cha mpangaji na mwenye nyumba. Safari hii Mwanamkasi alijilazimisha. Mwisho wa jibu aliandika kwamba mpangaji ahame, hana haki.

Nadira akasoma akacheka. "Umekosea, Da Mwanamkasi. Mpangaji ana haki, soma kifungu cha tatu hapa. Lakini umesema! Hili litakupa alama kuliko lile la mama mpishi."

"Alama za kukosea?"

"Mwongozo wasema wanatazama hoja. Umesimama mahali, ukatoa sababu. Sasa tunaweza kukubishia."

Alikusudia kumtia moyo, lakini Mwanamkasi alirudi na hofu mpya juu ya ile ya zamani. Kwanza aliogopa kwamba hatasema. Sasa aliogopa kwamba atasema, na atakuwa amekosea, na hakutakuwa na mtu mwingine wa kubeba kosa hilo.

Asubuhi ya mtihani Abubakar alikuwa ameamka kabla yake. Chai ilikuwa mezani.

"Kunywa," alisema. "Usiende na tumbo tupu." Akazungusha kijiko. "Jana nilimwita Jalila. Nimemwambia ajenge. Lakini dirisha lisielekee kwetu."

"Akasemaje?"

"Akasema angeniuliza tangu mwanzo, ila alijua nitakataa." Akainua mabega. "Na kweli ningekataa. Haya, kunywa chai. Nimekuombea dua."

Mwanamkasi alitaka kulia na hakuwa na nafasi ya kulia. Alikunywa nusu ya chai, akachukua mkoba.

Mtihani ulifanyiwa katika ukumbi mmoja kisiwani. Alifika mapema mno, milango ikiwa bado imefungwa, akakaa kwenye ngazi na watu wengine waliofika mapema mno, kila mmoja akisoma kitu asichokiona. Nicanor alikuja akitafuna pipi ya mpira kama anaigombeza. Nadira akaja na buibui jipya na macho mekundu, akasema hakulala lakini yuko tayari. Walishikana mikono wote watatu, kitu ambacho hawakuwahi kufanya kule Changamwe, kisha wakaingia.

Karatasi zikagawiwa zikiwa zimefunikwa. Waliporuhusiwa kufungua, Mwanamkasi akafanya kama walivyokubaliana: asiandike neno kabla ya kufika ukurasa wa mwisho. Akageuza. Vifungu vilikuwapo. Akashukuru. Akarudi mwanzo. Makala yalikuwapo, marefu kama walivyoahidiwa. Akageuza kwenye sehemu ya pili. Swali la kwanza, la lazima, halikuwa kama la mfano. Halikusema tu "mshauri." Lilisema: mwandikie mteja wako barua ya kumshauri, kwa lugha ambayo mtu asiyesoma sheria ataielewa.

Barua? Hawakufanya barua hata moja. Kichwa kikawa cheupe. Alisikia kalamu za wenzake zikikwaruza pande zote, na kila mkwaruzo ulimwambia kwamba wao wanajua. Akaanza na makala, ili mkono upate joto, na sehemu hiyo ilikwenda vizuri, kwa kuwa kusikia mtu anasema nini ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Kisha hakukubaki pa kujificha.

Kisa chenyewe kilikuwa cha mwenye duka la vyombo vya umeme. Alimuuzia mama mmoja friji. Friji halikupoza hata siku moja. Mama karudi nalo kwenye mkokoteni, mwenye duka akamwonyesha risiti, imeandikwa chini: bidhaa iliyouzwa hairudishwi. Mwenye duka sasa ameshtakiwa, naye ni mteja wako.

Mwanamkasi akaanza kuandika. Mama anasema hivi. Mwenye duka anasema vile. Kifungu kimoja kinasema kitu kinachouzwa lazima kifae kwa kazi yake. Kifungu kingine kinasema wauzaji na wanunuzi wanaweza kukubaliana vinginevyo. Ukurasa ukajaa. Msimamizi akatangaza muda uliobaki, na Mwanamkasi akashtuka kuona alichofanya: mizani imesimama sawasawa, na mteja wake bado amekaa ofisini anangoja.

Akapiga mstari chini ya yale yote. Akaandika, kwa Kiingereza, "Kwa maoni yangu," kisha kalamu ikasimama.

Nani anasema hapa? Alizoea kusikiliza kwanza, kisha kusema. Sasa alisikiliza na hakuna aliyesema. Akafumba macho akajaribu kumwona mwenye duka, mtu mnene mwenye wasiwasi, na kumwambia kama alivyomwambia Jalila uani. Risiti ulimpa lini? Baada ya kulipa. Basi alipokuwa akikubali kununua, maneno yale hakuyaona. Mtu hawezi kukubali jambo asiloonyeshwa. Bwana, maneno hayo hayatakuokoa. Mrudishie mama pesa zake kabla hujafika kortini, maana huko utalipa na gharama juu.

Akaliandika hivyo hivyo, kwa maneno mepesi, bila hakika. Kisha, kwa kuwa mwongozo ulisema kila swali lina alama zake na muda haurudi, akaliacha na kwenda kwenye linalofuata, ingawa kila mshipa ulimwambia arudi akalipunguze makali.

Nje jua lilikuwa kali. Nicanor alisema, "Mwenye duka ameisha, ama?" Nadira akatikisa kichwa kwa nguvu. Alisema mwenye duka anashinda, mama alipokea risiti akaondoka nayo, amekubali. Aliandika kurasa nne kuhusu hilo, akataja kila upande wa hoja. Tangu wajuane, Nadira hakuwahi kukosea.

"Wewe umesema nini, Da Mwanamkasi?"

"Nimesema alipe."

"Hm," Nadira akasema, akaangalia pembeni kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko kubishiwa.

Kisha kukawa na kungoja. Mahakamani alifanya kazi kama kawaida, lakini kila simu ilipotetemeka mkobani nafsi yake iliruka. Alijaribu kumtafutia mwenye duka utetezi, akapata wa kutosha kumnyima usingizi. Alimwomba Abubakar asimuulize, na Abubakar hakuuliza, lakini alianza kurudi nyumbani na maembe, muhogo, korosho, kila siku kitu, kama anayemtembelea mgonjwa.

Matokeo yalitoka adhuhuri moja ya katikati ya wiki. Mwanamkasi alikuwa amesimama kando ya kizimba, simu imezimwa. Alipotoka kwa mapumziko akaiwasha, akakuta Nicanor ameandika kwa herufi kubwa kwamba amepita, na kwamba mama naye aangalie haraka. Vidole vikakosa namba yake ya mtihani mara mbili. Akaona jina lake. Akaona alama. Hazikuwa za kujivunia, zilipita mstari kama mtu anavyopita chini ya mlango mfupi, ameinama. Lakini zilipita.

Alimpigia Abubakar. Nyuma yake pampu zilikuwa zikinguruma, akalazimika kulisema mara tatu. "Nimepita! Nimepita, Baba Anwar!" Karani mmoja akatoa kichwa mlangoni kuona nani anapiga kelele katika ujia wa mahakama.

Kisha akampigia Nadira. Simu ililia hadi ikakata. Akapiga tena jioni. Akaandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine: "Mdogo wangu, nijibu ukiweza." Nadira hakujibu. Furaha ya Mwanamkasi ikawa na shimo katikati. Nicanor alithibitisha siku ya pili: Nadira ameanguka.

Jumapili Nadira akaja Mtongwe mwenyewe, bila kutangaza. Mwanamkasi alikuwa barazani akichambua mchicha.

"Shikamoo, Da Mwanamkasi. Nimekuja kukupa hongera."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Kaa."

Nadira akakaa. Akachukua fungu la mchicha akaanza kuchambua naye, haraka haraka, majani mazuri yakianguka pamoja na mabaya.

"Mimi ndiye niliyewafundisha," alisema ghafla. "Wewe na Nicanor. Nilisoma mwongozo ule mpaka nikauota. Nimewaonea choyo, nakwambia ukweli. Ndiyo maana sikushika simu."

"Najua."

"Swali la mwisho sikuligusa. Mwenye duka alinila muda wote. Kila nikiona hoja nyingine naandika. Ziliniishia dakika nikiwa bado na yeye."

Mwanamkasi akaweka mchicha chini. Zamani angepokea maneno hayo na kuyanyamazia, na Nadira angeondoka ameliwazwa. Aliogopa sasa, kama alivyoogopa uani na kama alivyoogopa ukumbini. Akasema hata hivyo.

"Nadira, wewe hukuanguka kwa kutojua. Unajua mno, na unataka mwenye kusahihisha ajue kwamba unajua. Mteja alikuuliza neno moja, ukampa kumi. Ningekuwa wewe, ningejizoeza kuacha."

Nadira akainua uso. Mwanamkasi hakujua kama amempoteza.

"Kuacha," Nadira akasema polepole. "Nani anafundisha kuacha?"

"Sijui. Tutatafuta. Mtihani mwingine ni mwakani, na mimi chuo chenyewe Nairobi kinaanza baada ya miezi kadhaa. Mpaka hapo Jumamosi zangu ziko huru."

Kutoka ndani Abubakar aliita, "Mama Anwar!"

"Abee!"

"Mgeni amekunywa chai?"

Hakuwa amekunywa. Mwanamkasi akainuka kwenda kuitengeneza, akimwachia Nadira mchicha. Alipokuwa akichochea moto alianza kuhesabu hofu mpya zilizokuwa zikimngoja: kuomba ruhusa kazini, chumba Nairobi, baridi ya huko, na siku atakayosimama mbele ya hakimu yule yule, upande wa pili wa meza, aulizwe kama ana swali kwa shahidi. Maji yakachemka, akatia majani.